Je, utando wa kijani unaweza kuendesha gari? Historia ya mafuta ya mwani

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo, ingawa mtaona kwamba sijaenda mbali sana.

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu anayeishi Kibwezi alinitumia faili la PDF kwa simu. Lilikuwa na kurasa nne, picha za mabwawa ya kijani yanayong'aa, na mwaliko wa kujiunga na kundi la wakulima watakaozalisha mafuta ya dizeli kutokana na mwani. Mchango wa kwanza ni wa kuchimba bwawa na kununua mbegu. Hekta moja, faili lilisema, hutoa lita 58,700 za mafuta kwa mwaka. Chini yake mjomba alikuwa ameandika: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea tarakilishi. Nifanyie hesabu kwenye Excel nijue nitapata ngapi."

Kusema kweli niliingiwa na hofu. Mwaka wa 2008, nikiwa bado shule ya msingi, mjomba huyuhuyo aliacha kupanda mahindi na kunde kwenye ekari tatu, akapanda mbono, ule mmea ambao wakati huo Kenya nzima iliuita jatropha. Waliomuuzia mbegu walimwambia kwamba mmea huo hauhitaji maji, hauliwi na mbuzi, na kwamba mafuta yake yatagombaniwa na wenye magari ya dizeli. La mbuzi lilikuwa kweli. Mwishoni mwa 2009 ulitoka utafiti uliofanywa mashambani hapa Kenya, ambao mashirika ya KEFRI na ICRAF yalishiriki. Ulionyesha kwamba wakulima hawapati faida, ukashauri mbono upandwe kama ua tu. Wakati huo mjomba alikuwa tayari amepoteza misimu miwili.

Kwa hiyo kabla ya kufungua Excel niliamua kusoma historia ya jambo lenyewe. Nilidhani ni teknolojia mpya. Kumbe ina umri mkubwa kuliko mjomba mwenyewe.

Mwani wenyewe ni upi?

Watu wa Pwani wanaujua mwani unaolimwa baharini kwa kamba, kule Kwale na Zanzibar. Huu ninaouzungumzia ni mwingine, mdogo mno. Kiumbe kimoja ni seli moja tu, na huwezi kukiona bila hadubini. Ila wakiwa mamilioni unawaona vizuri: ni ule ukijani unaotanda ndani ya tangi la maji lililoachwa wazi juani.

Mwani huu hufanya usanisinuru kama mahindi. Huchukua mwanga wa jua, maji na kaboni dioksaidi, ukajitengenezea chakula. Tofauti ni kwamba hauna mizizi, shina wala gunzi la kulisha, kwa hiyo aina nyingi huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja ukizipa hali nzuri. Tena baadhi ya aina huweka akiba ya mafuta ndani ya seli. Mafuta hayo ukiyachanganya na methanoli na kichocheo, unapata dizeli ambayo injini ya kawaida inaweza kuichoma. Mpaka hapo hakuna uongo wowote. Kemia yake ni ya kweli, na imethibitishwa mara nyingi.

Mwanzo wake: vita, njaa na maji taka

Mwaka wa 1890 Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuukuza mwani uitwao Chlorella peke yake maabarani, bila viumbe vingine. Kwa miaka hamsini hivi ulibaki chombo cha wanasayansi waliotaka kuelewa usanisinuru.

Wazo la kuvuna mafuta lilikuja na vita. Mwaka wa 1942, Ujerumani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula na ya viwandani, wanasayansi wawili, Harder na von Witsch, walipendekeza kukuza daiatomu. Daiatomu ni mwani wenye ganda gumu la silika, karibu kama kioo, na baadhi yao hujaa mafuta.

Baada ya vita hofu ikawa njaa. Watu walikuwa wanaongezeka duniani na wataalamu waliuliza watakula nini. Mwaka wa 1951, juu ya paa la jengo moja mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, kampuni ya Arthur D. Little iliweka mirija ya plastiki nyembamba yenye Chlorella kwa niaba ya taasisi ya Carnegie. Nia ilikuwa kupata protini. Mwani uliota. Lakini maji ndani ya mirija yalipata joto kali juani ikabidi yapozwe, na viumbe vingine viliingia bila kualikwa. Kitabu chao cha 1953, kilichohaririwa na John Burlew, kilikuwa cha kwanza kueleza kwa kina safari ya kutoka maabara hadi mtambo wa majaribio.

Kule California, mhandisi William Oswald alikuwa na wazo la kawaida zaidi ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote. Yeye alikuwa mtu wa maji taka. Aliona kwamba bakteria wanaovunja uchafu wanahitaji oksijeni, na mwani unaitoa. Mwani unahitaji kaboni dioksaidi na mbolea, na bakteria wanavitoa. Akawaweka pamoja kwenye mabwawa ya kina kifupi, yaliyojengwa kama njia ya uwanja wa mbio, maji yakisukumwa yazunguke polepole. Mwaka wa 1960 yeye na mwenzake Clarence Golueke walipendekeza mwani huo uozeshwe utoe gesi ya methani, na gesi izalishe umeme. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi mno wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyeharakisha kulitekeleza. Lakini ule mchoro wa bwawa ndio unaotumika mpaka leo, na ndio ulio kwenye ukurasa wa pili wa PDF ya mjomba.

Miaka kumi na minane ya Wamarekani

Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu ziliwanyima Wamarekani mafuta, na bei ikapanda karibu mara nne. Serikali ya Marekani ilianza kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 1977 ilifungua taasisi ya utafiti wa nishati ya jua huko Golden, Colorado, na mwaka uliofuata ukaanza mradi uliolenga mwani. Ulidumu kutoka 1978 hadi 1996 na ulitumia takriban dola milioni 25 kwa muda wote huo. Kwa mradi wa serikali yao, hizo ni pesa kidogo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mbegu. Watafiti walizunguka kwenye maziwa ya chumvi, vinamasi, majangwa na fukwe, wakichota maji kwa chupa. Walikusanya aina zaidi ya 3,000. Swali likawa, utajuaje ipi ina mafuta? Kupima moja baada ya nyingine kwa kemikali kungechukua miaka. Keith Cooksey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana wakaonyesha, mwaka wa 1987, kwamba rangi iitwayo Nile Red inaweza kufanya kazi hiyo kwa haraka. Unaidondosha kwenye mwani, unamulika, na palipo na mafuta panang'aa rangi ya dhahabu. Kwa njia hizi na nyingine orodha ilichujwa hadi aina 300 hivi, nyingi zikiwa daiatomu na mwani wa kijani.

Halafu wakakutana na tatizo la kwanza, ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi nzima. Walijua kwamba ukiunyima mwani nitrojeni, au ukiinyima daiatomu silikoni, asilimia ya mafuta ndani ya seli hupanda sana. Watu walidhani wamepata swichi ya kuwasha mafuta. Lakini seli haijazi mafuta kwa furaha. Inajaza kwa sababu imekosa cha kujengea seli mpya, kwa hiyo inaacha kugawanyika na kuweka akiba ikisubiri siku njema. Unapata seli nono lakini chache. Ukipima mafuta yote ya bwawa zima kwa siku, hukuongeza kitu. Kwa lugha ya kwetu, ni kama kumnyima mfanyakazi chakula halafu ukashangaa kwamba hatumii pesa.

Wakajaribu kuidanganya seli kwa jeni. Paul Roessler na wenzake walichagua kimeng'enya kimoja kinachohusika mwanzoni kabisa mwa utengenezaji wa mafuta, wakaongeza nakala za jeni yake ndani ya daiatomu iitwayo Cyclotella cryptica. Mwaka wa 1995 walitangaza kwamba wamefaulu kubadilisha jeni za daiatomu, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa. Kimeng'enya kiliongezeka kweli. Mafuta hayakuongezeka. Mtu yeyote aliyewahi kuongeza kasi ya sehemu moja ya programu na kukuta programu nzima iko polepole vilevile anaelewa walivyojisikia.

Tatizo la pili lilikuwa nje ya maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Roswell, New Mexico, walichimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja, wakayapulizia kaboni dioksaidi. Hapa walipata ushindi wa kweli: zaidi ya asilimia 90 ya gesi hiyo iliingia kwenye maji badala ya kupotea hewani. Siku nyingine walivuna gramu 50 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba, kiasi walichokuwa wakikiota. Lakini Roswell ina usiku wa baridi na majira ya baridi kali. Ukichukua mwaka mzima, wastani ulikuwa karibu gramu 10.

Tena mwani uliochaguliwa maabarani kwa uangalifu wote ule haukudumu mle bwawani. Mwani wa kienyeji, ule unaopeperushwa na upepo na miguu ya ndege, uliingia na kuutawala. Sisi watengenezaji wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu inakimbia vizuri kwenye mashine yako, unaipeleka kwa mteja, inaanguka siku ya kwanza. Watafiti wenyewe waliishia kushauri kwamba huenda ni busara kuanza na mwani uliojichagua wenyewe pale mahali.

Mwaka wa 1996 mradi ulifungwa. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, na Wizara ya Nishati iliamua kuelekeza pesa zake kidogo kwenye ethanoli. Mwaka wa 1998 John Sheehan na wenzake watatu walichapisha ripoti ya kufunga kazi, zaidi ya kurasa 300, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye mtandao. Niliisoma usiku wa Jumamosi mbili. Ni moja kati ya maandishi ya kiufundi yenye uaminifu mkubwa niliyowahi kukutana nayo. Kila kilichoshindikana kimeandikwa pamoja na sababu yake. Wanasema waziwazi kwamba hata wakikadiria mavuno kwa matumaini makubwa, dizeli ya mwani ingegharimu mara mbili ya dizeli ya kawaida ya wakati huo.

Jambo moja linaniuma. Zile aina 300 zilipelekwa kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwani hai hauwezi kuuweka kabatini kama diski. Lazima mtu auhamishe kwenye maji mapya kila baada ya muda, mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo inahitaji mshahara. Pesa zilikwisha, na sehemu kubwa ya mkusanyiko ule ilipotea. Kazi ya watu waliozunguka majangwani na chupa ilikufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha maji.

Homa ya 2008

Ungedhani basi kwamba waliofuata wangeanzia pale wenzao walipoachia. Wengine walifanya hivyo. Wengi walianza na namba moja tu.

Mwaka wa 2007 mtafiti Yusuf Chisti alichapisha makala katika jarida la Biotechnology Advances, yenye jedwali dogo. Mbono, lita 1,892 kwa hekta kwa mwaka. Mchikichi, lita 5,950. Mwani wenye mafuta asilimia 30, lita 58,700. Nilipoona namba hiyo ya mwisho niliitambua mara moja. Ndiyo iliyoko kwenye PDF ya mjomba, bila jina la mwandishi, na bila maelezo kwamba makadirio hayo yametokana na mavuno ya mirija maalumu iliyofungwa. Si mavuno ya bwawa lililochimbwa kwa jembe.

Mwezi wa Julai 2008 pipa la mafuta lilifika dola 147, na pesa za wawekezaji zikamwagika. Kampuni ya GreenFuel, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na Isaac Berzin, ilikuwa imeanza kwa kupitisha moshi wa mtambo wa umeme wa chuo cha MIT kwenye mirija ya mwani. Ilipofanya majaribio makubwa zaidi Arizona, mwaka wa 2007, mwani uliota haraka kuliko walivyoweza kuuvuna, ukaanza kufa. Kampuni ilifungwa Mei 2009.

Sapphire Energy, iliyoanzishwa 2007, iliahidi mafuta ghafi ya kijani na ikapewa ahadi ya zaidi ya dola milioni 100 na serikali ya Marekani, sehemu msaada na sehemu dhamana ya mkopo. Mnamo Januari 2009 ndege ya Continental iliruka kutoka Houston kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya mwani na ya mbono. Ilitua salama. Mafuta yalikuwa mazuri, ila hakuna aliyekuwa amesema bei yake.

Bei ilijulikana baadaye kidogo. Mwishoni mwa 2011 jeshi la wanamaji la Marekani lilinunua galoni 450,000 za mafuta yaliyotokana na mafuta ya kupikia yaliyotumika pamoja na mwani, kwa dola milioni 12. Hiyo ni karibu dola 7 kwa lita. Mwani huo ulitoka kwa kampuni ya Solazyme, ambayo ilikuwa na ujanja wake: iliufungia mwani gizani ndani ya matangi na kuulisha sukari. Tatizo la jua na mabwawa liliisha. Lakini sasa unalima muwa ili ulishe mwani ili upate mafuta, na kila hatua inakula sehemu yake. Kampuni hiyo ilihamia kwenye vipodozi na vyakula, ikabadili jina kuwa TerraVia mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata ikafilisika.

Waliokuwa na pesa nyingi zaidi walikuwa ExxonMobil. Mwezi wa Julai 2009 walitangaza kwamba wangeweza kutumia hadi dola milioni 600 pamoja na kampuni ya Craig Venter, mmoja wa watu waliosoma jeni zote za binadamu. Miaka minne baadaye walirudi kwenye utafiti wa msingi, na mkuu wa Exxon wa wakati huo, Rex Tillerson, alikiri kwamba huenda itachukua zaidi ya miaka 25. Mwaka wa 2017 walitoa habari njema ya kweli kisayansi: kwa kubadilisha jeni moja ya mwani uitwao Nannochloropsis gaditana walipandisha mafuta kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40, bila kuudumaza sana. Ile swichi ambayo watu wa Colorado waliikosa, hawa waliikaribia. Lakini mapema 2023 habari zilitoka kwamba Exxon wameacha kufadhili, baada ya kutumia takriban dola milioni 350. Hiyo ni mara 14 ya ule mradi wa miaka kumi na minane.

Hesabu ya mitungi

Kwa nini basi inashindikana? Hebu tufanye hesabu ile mjomba aliyoomba, hatua kwa hatua.

Lita moja ya mafuta ina uzito wa kilo 0.92 hivi. Tuseme mwani wetu una mafuta robo ya uzito wake ukiwa mkavu. Basi kwa lita moja tunahitaji kilo 3.68 za mwani mkavu. Sasa, bwawa la wazi lililo zito kwa kijani lina kama nusu gramu tu ya mwani kavu kwa lita ya maji. Maji yenyewe ndiyo mengine yote. Kwa hiyo ili upate lita moja ya mafuta unapaswa kuchuja lita 7,360 za maji. Gawanya kwa mtungi wa lita 20: ni mitungi 368. Maji mengi unaweza kuyarudisha bwawani, lakini lazima yapite kwenye mashine yako, na seli zenyewe ni ndogo mno hivi kwamba kitambaa hakizishiki. Unazizungusha kwa kasi kwenye mashine, au unatia kemikali zigandane. Vyote vinataka umeme na pesa.

Sasa hekta moja ya Kibwezi. Tuwe wakarimu, tuseme gramu 20 kwa mita ya mraba kila siku, mara mbili ya wastani wa Roswell. Hizo ni kilo 200 za mwani, yaani lita 54 hivi za mafuta kwa siku, au lita 19,700 kwa mwaka. Ni thuluthi moja ya namba iliyo kwenye PDF, na bado ni mara kumi ya mbono. Inavutia, nakubali.

Lakini bwawa hilohilo, likipoteza milimita 5 tu za maji kwa siku kwa jua, limepoteza lita 50,000. Kila siku. Kila lita ya mafuta imegharimu zaidi ya lita 900 za maji yaliyokwenda hewani, mahali ambapo akina mama wanaamka alfajiri kutafuta mtungi mmoja.

Bado gesi. Hewa ina kaboni dioksaidi asilimia 0.04 tu, na kilo moja ya mwani inahitaji kilo 1.8 hivi. Roswell walipuliza gesi hiyo bwawani. Kibwezi utaitoa wapi? Bado mbolea. Hata nitrojeni ikiwa asilimia 4 tu ya mwani, lita moja ya mafuta imekula zaidi ya nusu kilo ya CAN, isipokuwa una njia ya kuirudisha kutoka kwenye mabaki. Wakulima wote wanaosoma hapa wanajua bei ya mfuko wa CAN.

Hakuna hata moja kati ya hesabu hizi iliyo ngeni. Zote zimo katika ripoti ya 1998, kwa namna moja au nyingine.

Waliobaki sokoni

Kuna mwani ambao umelimwa kwa faida muda wote huu, nao haujawahi kuahidi kuendesha gari. Wanawake wa Kikanembu karibu na Ziwa Chad huchota mwani wa buluu-kijani kutoka kwenye madimbwi ya magadi, huukausha mchangani na kuupika. Ndio ule unaouzwa madukani kwa jina la spirulina. Ndugu yake anaota hapa kwetu, katika maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita, na ndio chakula kikuu cha heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo.

Siri yake ni yale maji ya magadi. Ni makali mno kwa viumbe vingine, kwa hiyo wale wavamizi waliowasumbua watu wa Roswell hawapati nafasi. Tena unauzwa kwa kilo kama chakula, kwa bei ambayo hakuna mtu angeilipia dizeli. Kwa bahati mbaya una mafuta kidogo sana. Mwani unaopenda kutunzwa na mwani wenye mafuta ni viumbe tofauti, na miaka themanini ya utafiti imekuwa ni kujaribu kuwaoza wawili hao.

Sisemi utafiti ukome. Wazo la Oswald la maji taka bado lina maana, kwa sababu pale maji na mbolea vipo bure na mji unalipa usafishwe. Mafuta yakipatikana ni ya ziada. Ila mtu akikuletea mradi wa namna hii muulize mambo matatu. Mavuno ya wastani ya mwaka mzima kwenye bwawa halisi ni gramu ngapi? Utavuna kwa mashine gani, na umeme wake ni kiasi gani? Maji, gesi na mbolea vinatoka wapi?

Nilimpigia mjomba simu Jumapili nikamsomea hesabu yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mitungi hiyo 368, hiyo ni ya lita moja tu?" Nikamwambia ndiyo, ya lita moja. Akaniomba nimtumie Excel yenyewe, nikaituma, naye akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la mradi, kwa sababu alisema majirani zake wanane wameshalipa. Baada ya dakika ishirini hivi alikuwa ametolewa kwenye kundi.

Sasa anazunguka kwao mmoja mmoja kwa miguu, simu mkononi. Watatu tayari wameomba kurudishiwa pesa. Excel hiyo ninayo bado, na anayeitaka namgawia.

Haya, tuonane wakati mwingine.